Somo la nyumbani: Mjane wa Sarepta na kiganja cha unga (1 Wafalme 17:8–16)

Wazazi wengi wakitaka kuwafundisha watoto imani huanzia Waebrania 11:1, "imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana". Mtoto wa darasa la pili ataukariri mstari ule vizuri, Jumapili atapigiwa makofi, na hatakuwa ameambulia kitu. Mimi huanzia jikoni, kwa mjane wa Sarepta. Somo ni la nusu saa. Ukiona linaelekea saa nzima, ujue umeshaanza kuhubiri.

Kabla ya kuwaita watoto, soma peke yako sura yote ya 17. Utakuta kijito cha Kerithi, ambako kunguru walimletea Eliya mkate na nyama mpaka maji yakakauka kwa ukame. Utakuta pia kwamba Sarepta ilikuwa mji wa Sidoni, pwani ya Lebanoni ya leo, kwao kabisa Yezebeli, mke wa mfalme wa Israeli. Yaani nabii wa Israeli alipelekwa akalishwe na mwanamke wa mataifa, tena fukara. Yesu alipowakumbusha hilo watu wa Nazareti (Luka 4:25–26) walipandwa na hasira hadi wakataka kumtupa kutoka ukingo wa kilima. Si kisa cha kubembelezea watoto walale.

Andaa Biblia, bakuli la unga wa ngano, chupa ya mafuta iliyobaki kidogo chini, chumvi, maji na kikaango. Okoteni vijiti viwili uani.

Hatua ya 1. Wimbo mmoja, achague aliye mdogo kuliko wote. Sala fupi.

Hatua ya 2. Mkubwa asome, wadogo waigize: mmoja aokote vijiti, mwingine awe Eliya aombe maji, kisha mkate. Mkifika aya ya 12, pale mjane anaposema atapika yeye na mwanawe wale wakafe, funga Biblia. Watapiga kelele wanataka kujua kilichofuata. Wasubiri.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Mdogo achote unga kiganja kimoja, kiganja chake yeye. Unga mwingine utamponyoka katikati ya vidole, na mkubwa atakuambia uongeze, mkatalie. Wakande wenyewe kwa tone la mafuta, wewe usimamie moto. Kitatoka kimkate cha ukubwa wa kisosi, kimepinda, kina alama za vidole. Kiweke kwenye sahani katikati yao, useme: hiki ndicho chakula cha mwisho humu ndani, cha mama na mtoto wake. Mlangoni kuna mgeni mwenye njaa, anasema apewe kwanza yeye. Mnampa?

Kisha nyamaza. Mmoja atasema hapana. Mwingine atasema agawiwe nusu. Yupo atakayeuliza kama huyo mgeni ni ndugu yetu. Anayesema hapana usimkemee. Hata mjane alianza kwa kueleza kwa nini haiwezekani.

Hatua ya 4. Someni aya ya 13 hadi 16, mkionyeshana kwa kidole jambo lipi lilitangulia. Neno la Mungu liko aya ya 14. Mama anakwenda na kufanya, aya ya 15. Habari kwamba unga haukupunguka inakuja aya ya 16. Wakati anakanda ule mkate wa mgeni hakuwa na ushahidi mwingine ila neno aliloambiwa. Sasa ndipo usome Waebrania 11:1. Waonyeshe pia kwamba hatuambiwi pipa lilifurika, tunaambiwa halikupunguka. Ukitaka, unganisha na "utupe leo riziki yetu", maneno wanayoyasema kila usiku.

Hatua ya 5. Gawaneni kimkate, na kila mtoto aseme jambo moja atakalofanya wiki hii. Liwe dogo na la kweli, kama kumchotea maji bibi wa jirani. "Nitakuwa mtoto mwema" usilipokee.

Tahadhari moja. Tafadhali usimalizie kwa kusema ukimtolea mtumishi utarudishiwa maradufu. Eliya hakuondoka na sadaka mkononi. Alikuwa mtu aliyejificha, hana chakula, akala sahani moja na mjane yule na nyumba yake siku nyingi. Mtoto akijifunza kwamba imani ni njia ya kuzidisha unga, siku unga utakapopungua ataona ameibiwa.

Maswali ya wanajumuiya

Mama wa watoto wawili, Morogoro: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Tulipomaliza, wa miaka sita akauliza mbona bibi tulimwombea sana na bado akafa. Nilikosa la kusema.

Jibu: Amina, mama. Pole kwa msiba. Usije ukamwambia imani yetu ilikuwa ndogo. Huo mzigo ataubeba miaka. Msomee aya ya 17 na ya 18: mjane huyuhuyu alifiwa na mwanawe, akamlalamikia Eliya waziwazi, na Mungu hakumkasirikia. Mwanawe alifufuliwa, ndiyo. Lakini soma wewe Waebrania 11:35. Aya moja hiyohiyo ina wanawake waliorudishiwa wafu wao na watu walioteswa bila kuokolewa, na wote wanahesabiwa kuwa na imani. Mwambie bibi tulimwombea kwa kuwa tunampenda, na kwamba hata wewe unalia. Kwa umri wake inatosha.

Baba, Nakuru: Kijana wangu wa miaka 14 anaona haya mambo ya unga ni ya watoto.

Jibu: Ana haki. Mpe ramani ya nyuma ya Biblia atafute Kerithi na Sarepta, halafu umwulize: Israeli kulikuwa na wajane wengi, kwa nini Mungu alivuka mpaka? Mwache abishe. Siku nyingine aongoze yeye, nawe ukae chini na wadogo.

Mama mmoja, Tanga: Shikamoo mwalimu. Mume wangu anasema kazi hii ni ya shule ya Jumapili.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Darasani hakumo. Ila usianze kwa ubishi. Mpe baba kazi ya kuwa mgeni anayebisha hodi. Wengi huishia kukaa hadi mwisho.

Mlezi, Mbeya: Unga wa ngano kwetu hununuliwa sikukuu tu.

Jibu: Tumieni sembe. Kiganja kimoja, pikeni uji kikombe kimoja, mpokezane. Sukari si lazima.