Kupima umaskini wa nishati kwenye nyumba ya wapangaji

Tanzania iliingia kundi la nchi za kipato cha kati cha chini mwaka 2020, na mjini nyaya zimefika mitaa mingi. Kwa hiyo swali la "mna umeme?" halipimi kitu tena: mwenye balbu moja na mwenye friji wote watajibu ndiyo. Utaratibu huu ni wa nyumba ya wapangaji yenye LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla), ambako madodoso hukosea zaidi.

Hatua ya 1. Hesabu vyungu, usihesabu milango. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja.

Hatua ya 2. Soma uniti, si shilingi. Omba meseji za LUKU za miezi mitatu. Kwenye fedha inayolipwa hukatwa VAT, kodi ya jengo na deni kama lipo. Kodi ya jengo hukatwa kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi, kwa hiyo Sh 10,000 za mwanzo wa mwezi huleta uniti pungufu kuliko Sh 10,000 za katikati.

Kisha kadiria uniti za kila kaya kwa vifaa vyake: wati × saa ÷ 1,000. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa 5 ni uniti 0.045; pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni 0.5. Jumla yako ikizidi mita, anza kukagua friji: mota yake huwaka na kuzima, usiizidishe kwa saa 24.

Angalia pia mpaka wa uniti 75 kwa mwezi, unaotenga bei nafuu ya D1, kundi la watumiaji wadogo wa nyumbani. Kaya tano zenye uniti 20 kila moja zinafikisha 100. Zote ni watumiaji wadogo, lakini zikichangia mita moja zinatozwa bei ya mkubwa. Hili liandike peke yake. Ni umaskini unaotokana na mita.

Hatua ya 3. Weka daraja la upatikanaji wa umeme, 0 hadi 5, kwa mfumo wa Benki ya Dunia wa mwaka 2015. Daraja la 3 linataka angalau wati 200 na saa 8 za umeme kwa siku, tatu kati ya hizo ziwe za jioni. Kaya hupewa daraja la kipimo chake kilicho chini kabisa. Usitafute wastani.

Hatua ya 4. Pima mkaa kwa mizani ya ndoano. Kopo na sado hudanganya: kuna chenga, kuna kilemba, kuna mkaa mwepesi. Pima akiba asubuhi, rudi siku ya nne saa ileile. Unaonunuliwa katikati upimwe kabla ya kuchanganywa. Mkaa uliozimwa kwa maji uanikwe kwanza, la sivyo maji yatahesabiwa kama mkaa uliobaki.

Linganisha joto linalofika chunguni: kilo × joto la kila kilo × sehemu ya joto ambayo jiko haliipotezi. Mkaa: kilo 1.2 kwa siku × megajuli 29 × 0.2 ni kama megajuli 7. Gesi: kilo 0.2 × 45 × 0.55 ni kama megajuli 5.

Hatua ya 5. Mzigo wa gharama. Mfumo uleule wa Benki ya Dunia unauliza kama uniti 365 kwa mwaka zingegharimu chini ya asilimia 5 ya kipato. Ukitazama matumizi halisi pekee, anayejinyima ataonekana hana shida. Kwa hiyo ongeza swali: "Wiki iliyopita, mara ngapi hamkupika, au mlikula kiporo bila kupasha, kwa kukosa mkaa, gesi au umeme?" Muulize anayepika, na muulize akiwa peke yake. Mbele ya mwenye nyumba jibu huwa sifuri.