Maji ya kisima karibu na machimbo: namna ya kuikinga familia na aseniki

Mimi ni muuguzi katika zahanati ya kijijini mkoani Geita. Siku hizi watu wananijia na kopo la vidonge vya seleniamu, madini ambayo mwili unayahitaji kidogo sana, mkononi: "Nesi, nikimeza hivi, sumu ya maji si itatoka?" Huwa nawaomba tuanzie kisimani kwanza, vidonge tutavifikia.

Aseniki, ndiyo sumu yenyewe, imo ndani ya mwamba uleule wenye dhahabu, imefungamana na chuma na salfa. Mbale, yaani mawe yenye dhahabu, ikitolewa duarani (shimo la machimbo) na kusagwa kwenye karasha (mashine ya kusagia mawe), hewa na maji huuvunja ule mfungamano, aseniki ikaachiwa. Mvua inaiosha kutoka kwenye marundo ya marudio, yaani mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa, hadi vijitoni na visimani. Hata pasipo na machimbo mwamba unaweza kuitoa polepole chini ya ardhi, ndiyo maana visima viwili vya jirani hutofautiana kabisa. Haina rangi, harufu wala ladha. Na kuchemsha hakuiondoi! Maji yanapungua kwa mvuke, aseniki inabaki sufuriani, kwa hiyo kila kikombe kinakuwa nayo nyingi zaidi. Dawa ya klorini nayo inaua vijidudu tu.

Kwa hiyo pima. Ukipeleka maji maabara, taja kwa jina kwamba unataka kipimo cha aseniki, maana vipimo vingi vya kawaida huishia kwenye vijidudu, chumvi na tindikali. Kwa Kanda ya Ziwa, Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara Mwanza. Watu wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, wa wilaya yako nao watakuelekeza. Kabla ya kukinga, piga pampu dakika kadhaa ili yale yaliyolala kwenye bomba yatoke. Pima kiangazi, urudie masika. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Kisima kikizidi hapo, kiwekeeni alama ambayo hata mtoto ataielewa. Bangladesh, ambako mamilioni walikunywa aseniki kutoka visima vya pampu, walipaka pampu mbaya rangi nyekundu na nzuri kijani. Maji ya kisima chekundu yafulie nguo na kupigia deki. Ya kunywa na kupikia yatoke kwingine, na kwetu njia rahisi ni mvua: mfereji kwenye bati na simtanki. Kama karasha iko karibu, acha mvua za kwanza zioshe vumbi la bati kabla hujaanza kukinga.

Sasa tuje mwilini. Kuna aina moja ya aseniki inayofanana mno na fosfeti, kirutubisho ambacho seli hukitumia kutengeneza nishati, hata seli inaifungulia mlango uleule. Ikiingia, inakaa mahali pa fosfeti pale nishati inapotengenezwa, lakini kile kinachotengenezwa kinavunjika papo hapo. Seli inakuwa kama kibarua anayeshinda juani halafu jioni halipwi. Aina ya pili inang'ang'ania salfa iliyo kwenye protini na kuvifunga vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za seli) vinavyolisha mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli. Humo ndani huzaliwa oksijeni kali inayounguza utando wa seli na DNA, na kazi ya kuikarabati hiyo DNA nayo inazorota. Hayo yakiendelea kwa miaka huja saratani ya ngozi, ya kibofu na ya mapafu.

Seleniamu ndiyo inayoviwezesha baadhi ya vimeng'enya kuzima oksijeni hiyo. Tena ina kazi nyingine: ndani ya ini, aseniki, seleniamu na glutathioni, kinga ambayo mwili hujitengenezea, hushikana vikawa kitu kimoja na kutolewa kupitia nyongo. Tangu 1938 ilishaonekana kwa panya huko South Dakota, Marekani, kwamba aseniki na seleniamu, ambayo ikizidi nayo ni sumu, hupunguzana makali. Ila tazama upande wa pili. Kila aseniki inapotoka kwa njia hiyo, inaondoka na seleniamu yako. Anayekunywa maji mabaya kila siku anaimaliza akiba yake kila siku, na wakati huohuo aseniki inavibana vilevile vimeng'enya vya seleniamu.

Ndiyo maana vidonge havitangulii. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 55 tu za seleniamu kwa siku. Ukizidisha 400 kila siku, kutoka vyakula na vidonge pamoja, unakaribisha sumu nyingine: nywele zinanyonyoka, kucha zinakatika, pumzi inanuka kitunguu saumu. Dagaa, sato, mayai na maini vinatosha kwa walio wengi. Hela ya vidonge nunulia mfereji wa bati.

Wajawazito nawasihi zaidi, kwa sababu aseniki hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto. Dada zangu, hata pemba, ule udongo mkavu wa vijiti mnaonunua sokoni, ulipopimwa hapa Geita ulikutwa na aseniki. Hamu ikikushika, njoo kliniki tuangalie kama damu yako imepungua.

Ukija, nitakushika viganja. Sugu za sururu zinakaa pale mpini unapogusa. Za aseniki ni vinundu vidogo vigumu, haviumi, vimetawanyika viganja vyote viwili na nyayo, mara nyingi pamoja na madoa meusi na meupe kifuani. Ukiviona, badilisha maji leo, halafu nenda hospitali uombe kipimo cha mkojo. Kipimo hicho kinaonyesha ulichokunywa siku chache zilizopita, kwa hiyo ukishayaacha maji yale usichelewe kupimwa, na mwambie daktari uliyaacha lini. Samaki wa baharini na kamba waache siku nne kabla, maana wana aseniki yao isiyo na madhara ambayo itaharibu majibu.