Jinsi ya Kupima Hali ya Uoksidishaji ya Vanadi Juu ya Alumina kwa Bureti

Mwanafunzi wa kemia wa Kampala au Mbarara aliyetandaza oksidi ya vanadi (metali ya kundi la mpito) juu ya alumina, yaani oksidi ya alumini, ili kupata kichocheo, hana haja ya kungoja mashine ya miale ya X ndipo ajue kama vanadi yake iko katika hali ya +5, +4 au +3, yaani kila atomi imepoteza elektroni ngapi. Bureti, mrija wenye alama za ujazo na koki ya kudondoshea mmumunyo, itampa wastani wa kuaminika, ilimradi apime mara mbili katika chupa ileile.

Pima gramu 0.5 za kichocheo, uziweke katika mililita 100 za asidi ya salfuriki ya 2 M (moli 2 kwa lita), kisha upashe moto hadi nyuzi 80 za Selsiasi hivi huku ukipitisha gesi ya nitrojeni, kwa sababu vanadi iliyopungua hali huoksidishwa tena na hewa. Usitumie asidi ya hidrokloriki, maana pamanganeti, kioksidishaji utakachodondosha kutoka kwenye bureti, hushambulia kloridi. Mmumunyo ungali moto, dondosha pamanganeti ya potasiamu ya 0.005 M mpaka waridi hafifu ibaki. Andika ujazo huo kuwa A. Sasa vanadi yote iko katika +5. Ongeza salfaiti ya sodiamu, nayo itaishusha yote hadi +4 na mmumunyo utageuka buluu. Chemsha mpaka dioksidi ya salfa itokanayo na salfaiti hiyo iishe kabisa (hapa usiwe na haraka, kwani mabaki yake huharibu hesabu), kisha dondosha tena pamanganeti hadi waridi ibaki, upate ujazo B. Wastani wa hali ya vanadi ni 5 − A/B. Kichocheo chenye asilimia 10 ya V₂O₅ kwa uzito hutoa B ya mililita 22.0 hivi, A ikiwa 6.6, jibu ni 4.70.

Kosa linalonisumbua zaidi huanzia kwenye tanuri. Wengi wetu huyeyusha metavanadati ya amoniamu, chumvi ya kutengenezea kichocheo hiki, kwa asidi ya oksaliki, na umeme ukikatika kabla uchomaji wa nyuzi 500 haujakamilika, oksalati inaweza kubaki ndani ya vitundu vya alumina. Oksalati hiyo hula pamanganeti katika kipimo cha kwanza, hivyo A huongezeka na vanadi huonekana imepungua hali kuliko ilivyo. Ukishuku hivyo, rudisha sampuli tanurini penye hewa ya kutosha kabla ya kuipa kazi yoyote ya kichocheo. Baada ya kazi, kuichoma tena kutaifuta hali unayotaka kuipima.

Anayetumia kaolini (udongo mweupe wa mfinyanzi), kama ile ya Mutaka, magharibi mwa Uganda, badala ya alumina safi apime pia kibebeo kitupu, yaani udongo huo usio na vanadi, kwa hatua zote mbili na kutoa majibu yake katika A na B, kwa kuwa chuma kilichomo udongoni nacho huingia katika hesabu. Kumbuka vilevile kwamba wastani wa 4.5 hausemi kama nusu ya atomi ziko +5 na nusu +4, au robo tatu ziko +5 na robo iko +3; isitoshe, bureti huhesabu vanadi yote, ya juu na ya ndani.