Ukibadilisha diski za breki za mbele, angalia na beringi
Kwenye Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani zinazovuta kwa magurudumu yote manne, diski imefungwa kwa bolti nyuma ya habu (kitovu cha gurudumu, ambamo beringi hukaa), haitoki mpaka uvue habu nzima. Tumia nafasi hiyo! Kwa vumbi letu la Dodoma, osha beringi, zipakie grisi mpya, weka na sili mpya (kizuizi cha grisi na vumbi). Ile ya zamani usiirudishe hata ikionekana nzima. Kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ifunge kwa waya, isining'inie kwenye mpira wa breki. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, yafute yote kabla pedi hazijagusa. Na tafadhali, badilisha pande zote mbili, maana ukibadilisha mmoja gari huvuta upande ukikanyaga breki.