Kabla ya kubisha hodi soba hausi

Soba hausi, yaani nyumba wanamoishi pamoja wanaoacha pombe au dawa za kulevya, si hospitali. Nalitanguliza hili kwa sababu ndipo familia nyingi zinapokosea: mwanamume anaamua leo kuacha pombe, kesho anafikishwa mlangoni na begi lake, usiku anaanza kutetemeka na hakuna muuguzi. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikata ghafla, mwili huanza kudai ndani ya saa 6 hadi 24. Kifafa kinaweza kumshika siku 2 za mwanzo, kisha kati ya saa 48 na 96 anaweza kuweweseka na kuona yasiyokuwepo. Hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua. Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu nazo hazikatwi kwa mkupuo. Kwa hiyo daktari kwanza, nyumba baadaye.

Kama daktari amemwanzishia methadoni au buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa heroini, ulizeni mapema iwapo nyumba inazikubali. Zipo zinazomtaka mtu aziache ndipo apewe kitanda, eti bado hajawa safi. Mimi silikubali hata kidogo. Dawa hizo hupunguza vifo vya waraibu wa heroini, na kumnyang'anya mtu kinga yake mlangoni ni kumtia hatarini. Tafuteni nyumba nyingine. Dawa za presha, kisukari au virusi vya UKIMWI aende nazo zikiwa kwenye vifungashio vyake, pamoja na cheti cha daktari, na mjue nani atazitunza.

Nyumba isiyolenga faida si lazima iwe ya bure. Nyingi hudumu kwa michango ya wakazi wenyewe. Nyumba za Oxford House, zilizoanzia Silver Spring, Maryland, nchini Marekani mwaka 1975, huendeshwa na wakazi: wanagawana gharama sawasawa, wanapiga kura, na anayetumia tena anaondoka. Hapo kwenye kuondoka ndipo pa kuuliza sana. Akiteleza saa 5 usiku, atapelekwa wapi? Msimamizi asiye na jibu la swali hilo hajajiandaa kupokea waraibu.

Kupimwa mkojo, saa ya kurudi, zamu za usafi na mikutano ni mambo ya kawaida, asomewe kabla hajatia saini. Lakini wanaofunga watu minyororo, wanaowachapa au wanaoshikilia vitambulisho vyao, msiwape ndugu yenu.

Begi liwe dogo. Manukato na dawa za kusukutulia zenye alkoholi aziache, nyumba nyingi hazizipokei. Namba za waliokuwa wakimuuzia azifute yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Kuhusu watoto, wapangieni siku ya kuzungumza na baba yao, maana kimya cha wiki nyingi huwaumiza, naye pia kinamvunja moyo.

La mwisho lizungumzwe hata kama ni gumu. Baada ya wiki kadhaa bila heroini, mwili husahau kiwango ulichokizoea. Kipimo kilekile cha zamani, akikirudia mara moja tu, kinaweza kumzimisha pumzi. Nyumbani pawe na naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha heroini, na wawili au watatu wajifunze kuitumia. Na siku atakayotoka, awepo wa kumpokea getini. Mchagueni sasa, kabla hajaingia.