Baba Yetu na kaunta buku la madeni

Agosti mwaka juzi nilikwama katikati ya Baba Yetu. Tulikuwa kwenye jumuiya, kikundi chetu cha majirani Wakatoliki tunaosali pamoja, nyumbani kwa jirani, wanawake tisa mkekani na wanaume wawili kwenye benchi (wanaume wa jumuiya, mnajijua). Tulipofika "utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea," macho yangu yakatua kwa mama mmoja aliyekaa karibu na mlango. Nilikuwa namdai shilingi 47,000 tangu msimu uliopita, na kwa miezi mitatu alikuwa akipita njia ya nyuma, kwenye migomba, asionekane mbele ya duka langu. Wenzangu wakaendelea na "usitutie katika kishawishi." Mimi mdomo wazi, sauti hakuna.

Duka lenyewe ni dogo, hapa Ndanda, wilaya ya Masasi. Nauza unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni ya mche, vocha. Nusu ya mwaka watu wa huku hununua kwa neno moja: "Niandikie, mpaka mnada." Basi naandika, kwenye kaunta buku, daftari nene la jalada gumu, ninaloliweka chini ya mizani, mpaka korosho ziuzwe. Sala nilifundishwa na katekista kabla ya komunyo ya kwanza, lakini kusali nimejifunzia kwenye hilo kaunta buku. Wanawake wenzangu wameniuliza mara nyingi nafanyaje, nami najibu hapa kwa wote.

Anza na neno la kwanza, Baba. Wanangu hawaniandalii hotuba wakitaka mandazi. Wanakuja tu, pengine wanalia, pengine hawataki kitu ila kukaa karibu na jiko. Mimi kwa miaka mingi nilisali kama ninavyoagiza mzigo Masasi mjini: sukari mfuko mmoja, unga viroba vitatu, mvua, afya, ada ya shule, amina. Kuomba si vibaya, Yesu mwenyewe ametuamuru tuombe. Ila kabla hajawafundisha wanafunzi Baba Yetu, katika Mathayo sura ya 6, alisema wasipayuke-payuke kama watu wanaodhani watasikiwa kwa wingi wa maneno, kwa maana Baba anajua wanachohitaji kabla hawajamwomba. Sasa kama anajua, orodha ni ya nini? Kwa akili yangu, sala ni kukaa na anayejua. Orodha inakuja baadaye, na mara nyingi imeshapungua.

Jambo la pili ni muda, na hapa wengi tunaanguka. Usijitungie ratiba mpya, haitadumu wiki. Funga sala yako kwenye kitu ambacho tayari kinatokea kila siku. Sisi Ndanda tuna bahati ya kengele. Watawa Wabenediktini walianza misheni hapa mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika vita vya Majimaji, na watawa wa abasia, yaani monasteri yao, wamegawa siku yao kwa sala. Kwa desturi ya Kanisa, sala ya Malaika wa Bwana husaliwa mara tatu: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, na saa kumi na mbili jioni. Hizo ndizo ngazi zangu tatu. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kitabu cha maisha ya watawa hao, sura ya 43, inasema mtawa akisikia ishara ya sala aache mara moja alicho nacho mkononi. Mimi si mtawa. Nikiwa napima robo ya sukari namaliza kupima, maana mteja hawezi kuachwa na mizani inayoning'inia, ndipo nanyamaza. Wateja wamezoea. Wengine nao hunyamaza, hata Waislamu.

Kama huna kengele, tafuta chako. Dada yangu ameolewa Mikindani, na yeye huamshwa na adhana ya alfajiri. Jirani zake wakienda msikitini, yeye hukaa kitandani akafanya ishara ya msalaba. Mwingine anaweza kutumia mlango wa duka unapofunguliwa, au maji ya chai yakianza kuchemka. Dakika tatu zinatosha. Benedikto huyo huyo, sura ya 20, anataka sala iwe fupi na safi, isipokuwa neema ya Mungu imeirefusha yenyewe.

Tatu, usiimeze Baba Yetu nzima kwa mkupuo. Chukua mstari mmoja kwa kila wakati. Asubuhi, kabla sijatoa komeo, ni "utakalo lifanyike," kisha nataja kitu kimoja cha siku hiyo ninachokiogopa: mgeni wa kodi, mzigo uliochelewa, kijana aliyeacha shule. Mchana ni mkate wa kila siku, nao hauna shida, kwa kuwa umepangwa mbele yangu kwenye rafu. Namshukuru Mungu kwa aliyenunua, namwombea aliyekuja akauliza bei akaondoka. Yule aliyeuliza bei akaondoka ndiye hasa wa kuombewa saa sita mchana.

Jioni ndiyo ngumu. Nikishafunga mlango na kuhesabu fedha, nafungua kaunta buku. Siku ile niliyokwama jumuiyani nilirudi nyumbani nikafungua Biblia ya tafsiri ya Union, nikakuta Mathayo hasemi makosa kama tusemavyo kanisani. Anasema "deni zetu" na "wadeni wetu." Nikaenda Luka 11, pale mwanafunzi anapoomba wafundishwe kusali, nikakuta: "tunamsamehe kila tumwiaye." Kuwia ni kudai. Nilicheka peke yangu kwa uchungu. Miaka yote hiyo nimekuwa nikisali mbele ya Mungu kuhusu kurasa za daftari langu, wala sikujua.

Fanya hivi. Soma majina matatu tu, usisome kurasa zote, utapata hasira au usingizi. Kwa kila jina jiulize kwanza: huyu hana, au anayo hataki? Halafu jiulize: leo nimemsema kwa mteja mwingine? Swali hili la pili ndilo linaloniumiza, kwa sababu dukani ndiko umbea unakopimiwa. Kisha sema mstari wa msamaha polepole, ukiweka jina lake pale penye "waliotukosea." Sikubuni jambo geni. Katika sura ya 13 ya Kanuni ile, Benedikto anaagiza kwamba asubuhi na jioni mkubwa wa nyumba aseme Baba Yetu yote kwa sauti, kila mtu asikie, kwa sababu ya miiba ya ugomvi inayoota kati ya watu wanaoishi pamoja. Ikiwa watawa wana miiba, sembuse sisi tunaokopeshana unga.

Yule mama nilimfuata wiki ile ile, kwake, jioni, bila daftari mkononi. Nikaambiwa jambo ambalo kijiji kizima kilijua isipokuwa mimi niliyekuwa nadai. Kabla ya mnada wa msimu ule uliopita mume wake aliugua, akauza korosho kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya mnada, kwa bei ya kutupa, ili apate fedha ya matibabu. Ilipofika Oktoba wenzake wanapeleka magunia ghalani, yeye alikuwa na kilo za kuhesabu. Nilifuta 27,000. Zile 20,000 alisema mwenyewe atalipa, akazilipa kidogo kidogo kwa kubangua korosho, na siku mbili tatu akaniletea ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, juu yake. Sitaki mnione mtakatifu. Usiku ule nilihesabu 27,000 ni mifuko mingapi ya chumvi, na mume wangu akauliza, "Hili ni duka au kapu la sadaka?" Sikuwa na jibu zuri. Lakini siku hizi yule mama anapita mbele.

Sasa msinielewe vibaya, kusamehe si kufuta kila ukurasa. Kuna kijana wa bodaboda, ana pikipiki mbili, namdai 31,500 na anacheka nikimkumbusha. Huyo namdai. Sala imenibadilisha namna ya kumdai tu: namwambia yeye, usoni, si mbele ya abiria wake, na simsimulii kwa mtu. Mara moja nimeshindwa. Mara mbili.

Jumuiyani nako kuna jambo. Ukipewa zamu ya kuongoza sala, usitumie sala kumpiga mtu. Mnazijua zile sala: "Ee Bwana, mguse mwenzetu ambaye midomo yake haitulii." Hiyo ni kanga yenye mafumbo, umeivalisha msalaba. Mwenye neno na mwenzake amfuate. Mathayo 5 inasema hata ukiwa umeshafika madhabahuni na sadaka yako, ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache hapo uende mkapatane kwanza.

Na siku ambazo sala haiji? Zipo. Mama mkwe alipolala hospitalini wiki tano tulisali rozari kila usiku, na akafariki. Watu waliniambia mengi kuhusu imani. Kilichonisaidia kilikuwa Zaburi ya 13, mtu anamuuliza Mungu mpaka lini, na hakuna anayemkemea kwa kuuliza. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake uondolewe, nao haukuondolewa. Siku kama hizo sisemi mstari wowote. Nasubiri kengele, nafanya ishara ya msalaba, nakaa kimya mpaka inyamaze. Warumi 8 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, basi namwachia zamu.

Kama mawazo yanakimbia, usigombane nayo. Bei ya sukari ikinijia katikati ya sala, naisalia hiyo hiyo bei ya sukari.

Kijana wa bodaboda bado yuko ukurasa wa 31. Jana jioni, nimeshafungua kaunta buku, jina lake likiwa la pili katika yale matatu, mtoto wake akagonga mlango: baba anaomba mche mmoja wa sabuni, umwandikie. Nilisimama na kisu mkononi kitambo kirefu. Nikamkatia nusu.