Apt ikigoma baada ya umeme kukatika: soma inachosema kabla ya kupiga Ubuntu upya

Mwezi wa nne, mvua ikiwa imekolea, mwalimu wa kompyuta wa sekondari moja karibu na Tukuyu alinipigia simu: "Fundi, mashine tano zimegoma kusasisha. Njoo na flashi utupigie Ubuntu upya." Nikamwomba, "Mwalimu, usiguse chochote mpaka nifike." Ndani ya mashine zile kulikuwa na kazi za kidato cha nne, na hakuna aliyezinakili mahali pengine. Nilipanda kutoka Mwanjelwa asubuhi, na hadi jioni zote tano zilikuwa zinasasisha. Hakuna iliyopigwa upya. Apt ndiyo programu inayosakinisha na kusasisha programu nyingine kwenye Ubuntu, ambao ni mfumo endeshi wa Linux. Huu ndio utaratibu niliofuata, na amri zote zinaandikwa kwenye Terminal. Unafaa kwa Ubuntu, na kwa Debian (mfumo ambao Ubuntu imetokana nao) pia kwa sehemu kubwa.

Hatua ya 1: Nasa ujumbe wote

sudo apt update 2>&1 | tee ~/tatizo.txt

Amri hii inaonyesha ujumbe kwenye skrini na kuuhifadhi kwenye faili. Tafuta mistari inayoanza na E: na uanze na ule wa juu kabisa, maana ya chini mara nyingi ni matokeo yake tu. Mistari ya W: ni tahadhari, isome baadaye. Ukiambiwa baadaye kwamba baadhi ya pakeji (mafurushi ya programu) zimeahirishwa kwa sababu ya "phasing", hilo si kosa. Ubuntu hutoa masasisho kwa awamu, na zamu yako itafika.

Hatua ya 2: Angalia saa na nafasi

Mashine mbili za pale shuleni zilisema "Release file is not valid yet". Betri ndogo ya bodi, ile CR2032, ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma. Faili la Release linalotoka kwenye seva lina tarehe. Apt ikiona tarehe hiyo haijafika kwa saa ya mashine, inalikataa, na inafanya vizuri, kwa sababu huo ni ulinzi. Rekebisha saa:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo timedatectl set-ntp true

Kama saa haijirekebishi yenyewe kupitia mtandao, zima set-ntp kwa kuandika false, kisha weka kwa mkono:

sudo timedatectl set-time "2025-04-15 14:30:00"

Weka tarehe ya siku yenyewe, na andika saa kwa mfumo wa saa 24: saa nane na nusu mchana ni 14:30. Nimeshakuta mtu ameandika 08:30 akimaanisha saa nane, na saa ikabaki nyuma vilevile. Betri yenyewe ibadilishe, la sivyo utarudia kazi hii kila umeme ukikatika.

Nafasi haina maneno mengi. Andika df -h, na ukiona / (diski kuu) au /boot (sehemu ya kuwashia mashine) imefika 100%, futa pakeji zilizopakuliwa na keneli (viini vya mfumo) za zamani:

sudo apt clean
sudo apt autoremove --purge

Hatua ya 3: Mtandao na bando

"Temporary failure resolving" maana yake mashine haikupata anwani ya seva. Jaribu ping 1.1.1.1. Ikijibu, mtandao upo na shida iko kwenye DNS, huduma inayogeuza majina ya seva kuwa anwani. Isipojibu, angalia modemu au simu inayogawa intaneti.

Ujumbe unaowachanganya wengi ni ule wenye neno NOSPLIT. Bando likiisha, kuna mitandao inayokurudishia ukurasa wake wa kununua bando badala ya faili uliloomba. Apt inatarajia faili lenye saini, inapokea tangazo, inalikataa. Nunua bando, kisha rudia. Ikileta "Hash Sum mismatch" na mtandao uko sawa, futa orodha za pakeji na uzipakue upya:

sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/*
sudo apt update

Hii inakula makumi ya megabaiti, kwa hiyo usiifanye kwa kubahatisha.

Hatua ya 4: Kufuli

Kufuli huzuia programu mbili kusakinisha kwa wakati mmoja. "Could not get lock" huja na namba ya programu iliyoshika kufuli. Mara nyingi ni unattended-upgrades, inayosasisha yenyewe kimyakimya. Isubiri. Ushauri wa kufuta faili la kufuli umesambaa sana, na ni mbaya: faili hilo huwepo muda wote, kinachozuia ni programu iliyolishikilia. Ukilifuta, unaruhusu programu mbili kuandika mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Hatua ya 5: Kazi iliyokatika katikati

Mashine tatu zilizobaki zilikuwa hapa. Apt hupakua, lakini anayefungua pakeji na kuzisanidi ni dpkg. Umeme ukikatika katikati, pakeji inabaki imefunguliwa bila kusanidiwa, na utaona "dpkg was interrupted". Malizia kazi:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Kabla ya kujibu Y kwenye amri ya pili, soma orodha ya zitakazoondolewa. Ukiona humo ubuntu-desktop, pakeji inayoshikilia mazingira ya skrini, jibu n na ujue kwanza kwa nini.

Moja ilikuwa imeumia zaidi: faili /var/lib/dpkg/status, ambalo ndilo kumbukumbu ya kila pakeji iliyomo, lilikuwa limeharibika. Wengi wakifika hapa hufomati. Lakini dpkg huacha nakala ya awali pembeni, /var/lib/dpkg/status-old. Hakikisha kwa ls -l kwamba si tupu, halafu:

sudo cp /var/lib/dpkg/status ~/status-mbovu
sudo cp /var/lib/dpkg/status-old /var/lib/dpkg/status

Ikiwa hiyo nayo imeharibika, ipo nyingine: /var/backups/dpkg.status.0. Kisha rudia zile amri mbili za juu.

Hatua ya 6: Sasisha bila kumaliza bando

Pakua kwanza (-d ni kupakua tu), kisha usakinishe umeme ukitulia kwa amri hiyohiyo bila -d:

sudo apt-get upgrade -d

Tumia apt-get hapa, si apt. Apt hufuta pakeji baada ya kuzisakinisha, apt-get huziacha kwenye /var/cache/apt/archives. Pale shuleni tulipakua kwa mashine moja, tukanakili faili za .deb kwa flashi hadi kwenye folda hiyohiyo ya zile nne nyingine, zenye toleo lilelile la Ubuntu. Kila moja ilihitaji intaneti kwa apt update tu, na kwa pakeji chache ambazo mashine ya kwanza haikuwa nazo. Mwalimu alishika flashi mwenyewe kuanzia mashine ya tatu.